Naomba ushauri: Makataa ya mwisho wa mwaka katika shule ya kimataifa

Ndugu wanachama, hamjambo. Ninafundisha Biolojia katika shule ya kimataifa hapa Kisumu, ambapo mwaka wa masomo huisha Juni, ilhali wenzetu wa shule za umma husubiri hadi Novemba. Mitihani ya IGCSE ya Cambridge (ya cheti cha kimataifa cha sekondari) hufanyika Mei na Juni, na katika majuma hayo hayo ninatakiwa kuandika ripoti za wanafunzi 72, kuhesabu vifaa vya maabara na kukabidhi funguo.

Mwaka jana niliiacha maabara iwe ya mwisho, nikajikuta nikihesabu slaidi za hadubini usiku huku mvua ikivuja juu ya masanduku, na ripoti 11 zikachelewa. Kosa lilikuwa langu, ingawa tarehe nazo zilibadilishwa mara mbili.

Linalonitatiza zaidi ni mkataba. Mwajiri anataka jibu la maandishi, kama nitaendelea au la, kufikia Ijumaa ijayo, nami bado ninasubiri majibu ya usaili niliofanya Nakuru. Je, ni adabu kuomba wiki mbili zaidi, na barua ya namna hiyo huandikwaje bila kuonekana kama ninaaga? Aidha, mliozoea kalenda hii, kazi ipi huianza Aprili?