Fontomfrom kupigwa kwa pedali: ubunifu au kuivunjia ngoma heshima?

Mleta mada: Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Kofi Ghanaba, mpiga ngoma wa Ghana, alizaliwa Accra mwaka 1923, akaanza na dramu za kizungu, akapita bendi ya Tempos ya E. T. Mensah. Miaka ya 1950 akaenda Marekani, na mwaka 1956 ikatoka santuri yake "Africa Speaks, America Answers". Huko aliona kushindana na Wamarekani kwa jazi yao ni kujichosha, heri awapigie wasichokijua.

Aliporudi nyumbani akachukua fontomfrom, ngoma kubwa za machifu wa Kiakan (Waakan ni jamii kubwa ya Ghana), akazilaza ubavu na kuzipiga kwa pedali za miguu, kama besi ya dramu. Hadi "Hallelujah" ya Handel aliipigia. Mimi nasema alikuwa sahihi kabisa. Seti ya dramu ni mtu mmoja kufanya kazi ya watu wanne. Yeye alijaza nafasi zile kwa ngoma za kwao, basi.

Mchangiaji wa 1: Napinga. Ngoma inayomsifu chifu na kutaja mababu zake haipigwi teke. Mikono na vijiti havikumtosha? Leo pedali ya jazi, kesho tangazo la bia. Ngoma zina wenyewe.

Mleta mada: Wenyewe ni akina nani, mkuu? Ghanaba alikuwa Mga, yaani mtu wa kabila la Ga, na fontomfrom chimbuko lake ni kwa Waakan. Tukianza kukagua asili, hata yeye hapiti mlangoni. Na ukisema serikali ndiyo ilinde, tazama Burundi: amri ya rais ya mwaka 2017 ilipiga marufuku wanawake kupiga ngoma za kifalme, na vikundi vikatakiwa viombe kibali. Vikundi vya wanawake vilikuwa vimeshaanza. Hapo nani kalindwa?

Hoja ya bia naikubali, lakini hiyo ni kesi ya mwenye bia.

Mchangiaji wa 2: Mnagombania mguu, pesa mmeiacha. Wimbo wa Ghanaba "Eyi Wala Dong" ulivuma mwaka 1962 kwa orkesta ya Mjerumani Bert Kaempfert, kwa jina "That Happy Feeling". Fidla tele, chifu hayumo, na hakuna aliyelalamika. Mchangiaji wa 1, hiyo nayo unaiitaje?