Mrejesho: kifaa cha ndege kilichoshindwa jaribio la radi

Nawashukuru kwa dhati mlionijibu nilipouliza kwa nini kifaa chetu cha ndege kilikuwa kikijizima kila tulipoingiza mikondo ya mfano wa radi kwenye fungu la nyaya, kwa mujibu wa sehemu ya 22 ya DO-160 (kiwango cha majaribio ya vifaa vya ndege). Nilifuata ushauri wa kuondoa kipande cha waya kilichounganisha ngao ya kebo (tabaka la chuma linalofunika nyaya) na kasha la kifaa, nikaibana ngao yenyewe kuzunguka kiunganishi kwa mzunguko kamili wa digrii 360, na tangu hapo kifaa hakijajizima, hata mapigo yanapofuatana. Waya ule, ingawa ulikuwa wa sentimita chache tu, ndio uliogeuza mkondo wa ngao kuwa volti ndani ya kifaa. Pete za feraiti (zinazovishwa kwenye nyaya kupunguza kelele za redio), hata hivyo, hazikutosha kwa sehemu ya 21, inayopima mawimbi ya redio yanayotoka kwenye kifaa: mawimbi yanayovuja bado yanavuka kikomo katika masafa ya VHF (yanayotumiwa na redio za ndege), kwa hiyo tunasanifu upya saketi ya kugawa umeme.