Bomba la pili la gesi linapita jirani na makazi yetu: tuulize nini kwenye kikao?

Jirani wa Mkuza
Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kufanya kazi za mabomba.

Mtaa wetu umepitiwa na bomba la gesi asilia la inchi 16, lilikuwepo kabla sijahamia. Sasa kampuni inataka kulaza la pili, inchi 24, sambamba na hilo la zamani, na presha yake itakuwa bar 70 (bar ni kipimo cha presha). La zamani linaendeshwa kwa bar 40, ila kuna fununu kwamba nalo litapandishwa. Nyumba yangu iko mita 120 kutoka kwenye vigingi vya njia ya bomba. Shule ya msingi iko kama mita 150.

Tumeitwa kikao wiki ijayo. Kikao kilichopita maswali yote yalikuwa ya fidia: mti wa nani umehesabiwa, wa nani umerukwa. Usalama ukapewa dakika za mwisho, tukaambiwa "viwango vya kimataifa vimezingatiwa", watu wakapiga makofi, tukatawanyika. Mimi ni mjumbe wa kamati. Sipingi mradi, ila nataka maswali ambayo hayajibiki kwa maneno matupu. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Fursa
Mkuu, uza kiwanja mapema kabla katapila halijafika. Mengine utajadili ukiwa mbali.

Mama Wawili
Amuuzie nani? Atakayenunua naye ana watoto. Tuwasubiri mafundi waseme.

Mlehemu Mstaafu
Nimechomelea na kukagua mabomba ya gesi mpaka nilipostaafu, mnivumilie nitarefusha.

Mkuza na eneo la hatari ni vitu viwili. Mkuza ni ardhi ambayo kampuni inaihitaji ili ichimbe, ipite na itengeneze. Upana wake haukwambii moto utafika wapi bomba likipasuka. Sheria za usalama wa mabomba za Marekani zina hesabu yake: chukua kipeuo cha pili cha presha kwa kilopaskali (bar 1 ni kilopaskali 100), zidisha kwa kipenyo cha bomba kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.00315. Unapata mita za duara la hatari kutoka kwenye bomba. La kwenu la inchi 16 kwa bar 40 linatoa kama mita 81. Likipandishwa hadi bar 70, mita 107. Hilo jipya la inchi 24 kwa bar 70 ni kama mita 161. Kwa hiyo leo wewe uko nje ya duara, na siku bomba jipya litakapoanza kazi utakuwa ndani, wewe na shule. Ni makadirio tu, moto hausomi vigingi. Lakini muwaulize: duara la kila bomba ni mita ngapi, na ndani yake kuna nyumba ngapi? Hapo lazima watoe namba.

La pili ni valvu, yaani vifungio vya kukata gesi kwenye bomba. San Bruno, California, tarehe 9 Septemba 2010, bomba la inchi 30 lililolazwa mwaka 1956 lilipasuka katikati ya makazi. Watu 8 walikufa, nyumba 38 ziliteketea. Chanzo kilikuwa mshono mbovu wa ulehemu uliokaa humo miaka yote hiyo, huku kumbukumbu za kampuni zikisema bomba halina mshono. Kilichoniuma zaidi kama fundi ni kwamba gesi ilikatwa baada ya dakika 95, kwa sababu valvu zilifungwa kwa mkono na watu walitoka mbali. Ulizeni valvu mbili zinazokizunguka kipande chenu ziko wapi, zinafungwa na mtu au kwa mtambo, na ni dakika ngapi tangu presha ishuke mpaka zifungwe.

La tatu ndilo ningelikalia kikao kizima: uchimbaji. Bomba la zamani litakuwa na gesi ndani wakati mashine zinachimba pembeni yake. Ghislenghien, Ubelgiji, Julai 2004, bomba kubwa lilikuwa limekwaruzwa na mashine kwenye eneo la ujenzi, na gesi haikutoka siku hiyo. Baadaye presha ilipopandishwa, pale palipokonda pakaachia. Watu 24 walikufa, wakiwemo wazimamoto waliokuwa wameitikia taarifa ya harufu. Kwa hiyo mtake mashimo ya kutafuta bomba yachimbwe kwa mkono kwanza, presha ya la zamani ishushwe wakati wa kazi, malori yavuke sehemu zilizoandaliwa tu, na kila mkwaruzo uripotiwe hata kama umegusa rangi ya juu. Dereva wa mashine anayejua atafukuzwa akisema amegusa bomba atafukia na kunyamaza. Nimewaona wa namna hiyo.

Swali Chungu
Kwa heshima zote, tuseme ukweli. Bomba lilikuwepo, watu wakajenga kulifuata. Leo kampuni ibebe lawama?

Mlehemu Mstaafu
Aliyejenga juu ya mkuza ana kosa lake. Ila waliojenga nje ya mkuza kihalali hawana. Na kanuni za fani hazimwachi mwendeshaji. Kwa utaratibu wa Marekani, wanahesabu majengo ndani ya mita 200 kila upande wa bomba, kwa urefu wa kilomita 1.6. Yakiwa 10 au pungufu, chuma kinaruhusiwa kubebeshwa hadi asilimia 72 ya uwezo wake. Yakifika 46, kiwango kinashuka hadi asilimia 50. Eneo lilikuwa pori, sasa ni mtaa: ama presha ishuke, ama chuma kinene kiwekwe, ama kampuni ithibitishe kwa vipimo kwamba kilichopo kinahimili. Nyie mnaambiwa presha ya la zamani huenda ikapanda wakati nyumba zimeongezeka. Hapo msikubali bila kuona hesabu mpya na jaribio la maji, yaani bomba linajazwa maji na kusukumwa kuzidi presha ya kazi kabla halijarudishiwa gesi.

Ulizeni pia pigi ilipita lini mara ya mwisho. Ni chombo kinachosukumwa na gesi yenyewe ndani ya bomba, kina sumaku na vihisio, kinatoka upande wa pili kimejaa vumbi jeusi na kimebeba ramani ya kila sehemu iliyoliwa na kutu. Mabomba mengine ya zamani hayapitishi pigi kwa sababu ya kona kali au valvu nyembamba. Kama lenu ni mojawapo, wanakagua kwa njia gani?

Mama Wawili
Na harufu je? Sisi tumezoea kwamba gesi ikivuja unainusa.

Zamu ya Usiku
Mimi ni wa zimamoto. Msitegemee pua. Gesi asilia haina harufu, ile ya mayai viza inaongezwa. Kuiongeza kuliibuka kuwa utaratibu baada ya shule ya New London, Texas, kulipuka mwaka 1937 na kuua karibu watu 300. Lakini mabomba makubwa ya kusafirishia mara nyingi gesi yake haijatiwa harufu, inatiwa inapokaribia kugawiwa majumbani. Waulizeni ya kwenu imetiwa au la.

Angalieni nyasi zilizokauka mahali pamoja wakati kwingine ni kijani, mapovu kwenye dimbwi, vumbi linaloruka bila upepo, mlio wa kufoka, au barafu juu ya udongo. Mkiona, ondokeni kwa miguu kuelekea upepo unakotoka. Msiwashe gari, msiguse swichi, simu mpige mkishafika mbali. Gesi ikishawaka msiizime, iacheni iungue mpaka valvu ifungwe. Ukiizima huku inatoka, inatafuta cheche nyingine. Na shule isiwe na sehemu moja tu ya kukusanyikia, siku hiyo upepo unaweza kuvuma kuelekea hapohapo.

Jirani wa Mkuza
Aisee, nimepata zaidi ya nilichoomba. Kimebaki kimoja. Ofisa wao mahusiano alishaniambia pembeni kwamba mpango wa dharura ni siri, kwa ajili ya wahalifu. Namjibuje?

Zamu ya Usiku
Michoro ya mitambo na funguo za valvu wabaki nazo. Mwambie nyie mnataka namba ya simu inayopokewa saa 24, dakika za kufunga, njia za kutokea, na tarehe ya zoezi la pamoja na kikosi cha zimamoto cha kwenu. Kabla ya kikao pita kituoni ukamuulize mkuu wa zamu kama ana nakala ya mpango huo. Akisema hajawahi kuuona, mwombe aje kikaoni aseme hivyo mwenyewe.

Mlehemu Mstaafu
Na majibu yaingie kwenye muhtasari wa kikao, usainiwe pande zote mbili siku hiyohiyo. Usikubali "tutawatumia".