Suti ya Kaunda itakubalika kwenye usiku wa gala wa meli ya kifahari?

MstaafuWaKisasa ameuliza:

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mtumishi wa umma mstaafu, naishi Kisasa hapa Dodoma, na katika maisha yangu chombo kikubwa kuliko vyote nilichowahi kupanda majini ni boti ya kwenda Unguja. Sasa binti yetu anayefanya kazi Uingereza ametulipia, mimi na mama yake, safari ya usiku saba kutoka Southampton hadi New York kwa meli ya Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iwe zawadi ya miaka arobaini ya ndoa yetu. Tumeshukuru sana, ila tangu karatasi za safari zifike usingizi umepungua.

Karatasi hizo zinasema kwamba kuanzia saa 12 jioni abiria wavae nadhifu, na kwamba katika usiku mbili zinazoitwa za gala mwanamume anatakiwa avae koti la jioni na tai ya kipepeo, au suti nyeusi yenye tai, au vazi rasmi la taifa lake. Mpwa wangu ananiambia nisijisumbue, kwamba kanuni hizo zimekwisha kufa duniani kote na watu siku hizi wanaingia mezani na jinzi. Jirani yangu, ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi, anaapa kwamba nitarudishwa mlangoni mbele ya mke wangu.

Nina suti moja ya Kaunda, ya kijivu, ya mikono mifupi, ambayo nimeingia nayo kwenye kila shughuli ya kiserikali tangu nikiwa ofisa wa kawaida hadi nilipostaafu. Tai sijawahi kuipenda. Mke wangu ana vitenge vya kutosha kufungua duka. Je, kanuni hizi bado zina nguvu au ni maandishi tu? Na hilo neno “vazi la taifa” linatuhusu sisi, ambao mjadala wa vazi la taifa tumeuanza miaka mingi na hatujaumaliza? Sitaki kununua nguo ya usiku mbili kisha iwe chakula cha nondo.

NahodhaWaNchiKavu amejibu:

Shikamoo mzee, na hongereni kwa miaka arobaini. Nilifanya kazi miaka tisa kama mhudumu wa ukumbi wa chakula kwenye meli za kitalii, kabla sijarudi nyumbani Kondoa kulima alizeti, kwa hiyo naomba nieleze kidogo, kwa sababu mpwa wako na jirani yako wote wawili wana kipande cha ukweli na hakuna aliye na ukweli wote.

Zamani, meli za kuvuka Atlantiki ndizo zilizokuwa usafiri wenyewe, na abiria walikuwa wa madaraja. Wa daraja la kwanza walivaa koti la jioni kila usiku isipokuwa ule wa kwanza na ule wa mwisho, na sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: usiku wa kwanza masanduku yalikuwa hayajafunguliwa, na usiku wa mwisho yalikuwa yamekwisha kufungwa. Waliokuwa madaraja ya chini hawakudaiwa vazi hilo, kwa sababu nguo ndiyo iliyoonyesha nani yuko wapi. Mwezi Oktoba 1958 ndege za jeti za abiria zikaanza kuvuka bahari hiyo kwa saa chache, na tangu hapo meli zikalazimika kutafuta kazi nyingine. Kazi hiyo ikawa likizo, na mtu aliye likizo ni vigumu kumwamrisha.

Kampuni ya meli za kitalii ya Norwegian ndiyo iliyovunja mwiko waziwazi mwaka 2000, ilipoanza kuuza safari ambazo abiria anakula saa anayotaka na kwa nguo anayotaka. Mwaka 2015 kampuni nyingine, Celebrity, iliziacha usiku zake rasmi na kuweka mtindo inaouita wa jioni maridadi, ambao haudai tai, na kampuni ya Viking ilipoingiza meli yake ya kwanza ya baharini mwaka huohuo haikuweka usiku rasmi hata mmoja. Sababu ni nyingi, lakini niliyoiona kwa macho yangu ni mzigo. Abiria wengi hufika bandarini kwa ndege, begi lao lina kilo 23, na ukitoa dawa, viatu na zawadi za wajukuu, koti la jioni linakuwa la kwanza kubaki nyumbani. Tena watu wengi wenye fedha siku hizi wanafanya kazi zao bila tai, kwa hiyo hawaoni kwa nini waivae wakiwa wamelipa kupumzika.

Jambo ambalo watu wa nje hawalitegemei ni hili: meli ndogo za bei ya juu kabisa, kama zile za Regent Seven Seas au Oceania, ndizo zilizolegeza, ilhali meli yako, ambayo ina vyumba vya bei mbalimbali hadi vile visivyo na dirisha, ndiyo iliyobaki na gala. Tajiri wa kweli hahitaji tai kumthibitisha. Cunard inauza kumbukumbu ya zile meli za zamani, na tai imekuwa sehemu ya bidhaa, kama vile muziki wa dansi kwenye ukumbi wake wa Queens Room. Wakiiondoa, abiria wao wengi watauliza wamelipia nini.

Hata hivyo, na wao wamelegeza. Zamani mwanamume alitakiwa kuwa na koti kila jioni; sasa, katika usiku za kawaida, shati lenye kola na suruali nadhifu vinatosha. Kwenye usiku za gala sheria haishiki meli nzima bali inasimama kwenye milango fulani. Ukumbi mkuu wa chakula, unaoitwa Britannia, na ule wa dansi vinaidai. Mkahawa wa kujihudumia wa Kings Court na baa ya Golden Lion haviidai. Kwa hiyo hutafungiwa chumbani, mzee wangu. Utakula. Swali ni utakula wapi.

Kuhusu mlangoni, nitakusimulia. Kwenye meli moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, tulipewa amri ya kumzuia kila asiye na koti. Usiku mmoja nikamzuia bwana mmoja wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na koti jeusi juu yake, ilhali nyuma yake aliingia kijana mwenye koti lililokunjamana na raba za michezo, naye nikampisha kwa sababu koti alikuwa nalo. Msimamizi wangu alinigombeza, na alikuwa na haki. Mimi, mtoto wa Kondoa niliyekulia kati ya watu wa kanzu, nilikuwa nimesoma amri na kusahau nilichofundishwa nyumbani. Yule bwana aliingia baada ya dakika kama tano, lakini alikula bila kuinua uso, na dakika hizo tano ninazikumbuka mpaka leo.

BwanaMizani amejibu:

Mimi nitakuwa mkavu kidogo. Mtu amelipa nauli, halafu anapangiwa shati. Hilo koti la jioni lenyewe ni mtindo wa mabwana wa Kiingereza wa karne ya 19, na huku kwetu tumeshaonja utamu wa kupimana nguo: Operesheni Vijana, ile kampeni ya vijana wa TANU ya kupiga vita mavazi kama sketi fupi, ilipoanza Januari 1969, mabinti wa Dar es Salaam walisumbuliwa barabarani kwa sababu ya walichovaa. Hapa hapa Dodoma, mwezi Juni 2021, mbunge mwanamke alitolewa ukumbini kwa sababu ya suruali. Anayeshika mlango ndiye anayeamua heshima ni nini. Mzee, vaa unachokipenda, na wakikukataa nenda Kings Court ukale kwa amani.

MamaIpagala amejibu:

Kaka Mizani, umesema kweli juu ya anayeshika mlango, lakini mifano yako haifanani na jambo hili. Msichana wa mwaka 1969 alikuwa barabarani, mahali pa kila mtu. Mzee wetu anakwenda kwenye sherehe ambayo kadi yake imekwisha kusema. Na sisi ni nani wa kushangaa? Nimekaa kwenye kamati za harusi zisizo na idadi katika mji huu, na hakuna hata moja iliyopita bila kupanga sare. Ukialikwa kitchen party ya rangi ya zambarau ukaja na kijani, hakuna atakayekufukuza, ila picha zote utakaa pembeni na mwenyewe utajua kwa nini. Hizo gala zao nazo zina mada, kwa mfano nyeusi na nyeupe, au nyekundu na dhahabu. Ukiniuliza mimi, ni kamati ya harusi iliyopanda meli.

Shemeji Mstaafu, wasiwasi wangu kwako ni mwingine. Hapa Dodoma koti la jioni na tai ya kipepeo ni nguo ya bwana harusi na wapambe wake, na maduka yanayokodisha yanalijua hilo. Ukilivaa wewe, na mama akiwa pembeni na gauni, mtaonekana mnafunga ndoa upya. Labda si vibaya, kwa mwaka wa arobaini.

Kwa mama: kanuni za wanawake kwenye meli hizi huwa pana zaidi, na gauni refu la kitenge lililoshonwa vizuri, lenye bitana, pamoja na kilemba kilichofungwa na mtu anayejua kufunga, linasimama kando ya gauni lolote la hariri. Kitenge cha kujifunga kiunoni ni cha jikoni hata hapa kwetu, kwa hiyo kisipande meli kwa kisingizio cha utamaduni. Na viatu visiwe vya kisigino chembamba, maana sakafu ya meli hutikisika bila kutoa taarifa.

FundiWaMajengo amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nashona nguo za wanaume karibu na soko la Majengo, na kila kikao cha Bunge kinapokaribia napata wateja wanaoleta swali lako hilo kwa maneno mengine.

Tatizo la suti yako si jina lake. Ni rangi na mikono. Kaunda ya kijivu yenye mikono mifupi na mifuko minne ya kubandika ni nguo ya mchana, ya ziara na mikutano ya hadhara, na mgeni asiyeijua ataiona kama shati la kazini. Nguo ya jioni, kwa Wazungu na kwa sisi, ina dalili chache ambazo jicho linazitambua hata bila kufundishwa: rangi nzito, mikono mirefu, mifuko isiyoonekana na bitana inayofanya kitambaa kianguke vizuri. Ukitaka kubaki kwenye asili yetu, shona ile ya kola ya kusimama, ambayo wazee wa enzi za Mwalimu waliiita Chou En Lai, kwa kitambaa cheusi cha sufu nyepesi, vifungo vifunikwe kwa kitambaa hicho hicho, na mifuko iwe ya ndani. Hiyo haihitaji tai kwa sababu kola yenyewe inafunga shingo, na hakuna mhudumu atakayeona pengo la kuuliza tai iko wapi.

Kuhusu vazi la taifa, kipimo ninachowapa wateja wangu ni hiki: je, ungeingia nalo kupeleka posa kwenye ukoo usioufahamu? Kama jibu ni ndiyo, ni vazi rasmi, liwe kanzu na koti, liwe suti ya Kiafrika. Kama ungeona haya mbele ya wakwe, usilipeleke Atlantiki ukategemea kwamba wageni hawajui. Wanajua. Uso wa mvaaji huwaambia.

Mwisho, kama bajeti ni ndogo, suti nyeusi ya kawaida yenye tai inaruhusiwa, na ya mitumba iliyorekebishwa na fundi haina tofauti kubwa na mpya. Nasema mitumba ya kuvaa, si Mtumba ya ofisi za Serikali.

NahodhaWaNchiKavu amejibu:

Naunga mkono kipimo cha fundi, na kwa hakika ndicho msimamizi wangu alichotaka nikitumie usiku ule. Amri iliyoandikwa haiwezi kuorodhesha mavazi ya dunia nzima, ndiyo maana inasema “rasmi” kisha inamwachia mtu wa mlangoni aamue, naye huangalia pasi, viatu na mwendo kabla ya kuangalia mkato wa kola. Ongeza jambo moja: ukipanda, mweleze kiongozi wa meza yako usiku wa kwanza, ambao si wa gala, kwamba utavaa vazi la kwenu. Akishakujua kwa jina, mlango umekwisha funguka.

MstaafuWaKisasa amejibu:

Marahaba vijana wangu, na asanteni nyote, pamoja na Bwana Mizani, ambaye maneno yake nimeyatafakari zaidi ya alivyodhani. Nikiwa kazini nami niliwahi kuwarudisha watu mlangoni kwa sababu ya mavazi, na sikumbuki kama niliwahi kuangalia nyuso zao.

Fundi, nitapita Majengo Jumatatu asubuhi kupimwa ile ya kola ya kusimama, nyeusi. Kaunda ya kijivu nitakwenda nayo pia, kwa zile usiku za kawaida, maana nimeelewa kwamba hizo zinatosheka na kola na suruali nadhifu, nayo kola inayo. Mama amekwisha chagua kitenge, ila kina maua ya njano, na sasa anauliza kama usiku wa nyeusi na nyeupe watamkubali.

MamaIpagala amejibu:

Mada ya rangi ni ya hiari, shemeji. Mwambie kilemba kiwe cheusi, na maua ya njano ayaache yalivyo.