Kabini ya kulia au ya kushoto? Meli ya Vancouver mpaka Alaska, nampeleka mama

mgebuka_mkavu
Wakuu habari za saa hizi, niko Kigoma hapa Mwanga, naombeni ushauri wa haraka. Bamdogo wangu anaishi Canada, kajitolea kutulipia mimi na mama meli ya kitalii mwezi wa sita, inatoka Vancouver inapanda mpaka Seward huko Alaska, siku saba, ni kwenda tu, kurudi tunapanda ndege. Viza zote mbili zipo, maana Alaska ni Marekani hata kama meli unaipandia Canada. Sasa ananiuliza tunataka chumba upande gani, kulia au kushoto, na jibu analitaka leo leo. Mi nilijua chumba ni chumba tu. Mama kapanda sana Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kwenda Kasanga enzi za biashara yake ya dagaa ila ziwa likichafuka anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Nimjibuje?

Mzee wa Gati
Kijana hata shikamoo hakuna, haya. Cha kwanza jua meli inaelekea wapi na nchi kavu iko mkono gani, basi. Liemba ikitoka hapo gatini kwenda Mpulungu, kushoto unaiona Mahale na vijiji vyetu, kulia ni maji na milima ya Kongo kwa mbali, tena jua la alasiri lote linaingia upande huo huo wa kulia, tuliolala huko tulikuwa tunaacha mlango wazi mpaka giza liingie. Ikirudi mambo yanageuka. Nyie mnapanda kaskazini, bara lote liko mkono wa kulia. Chukua kulia.

dada_wa_ujiji
Shikamoo mzee. Nimefanya usafi wa vyumba kwenye hizi meli, niongezee kidogo. Kutoka Vancouver mwanzoni mnapita katikati ya visiwa, nchi kavu ipo pande zote, hapo hakuna anayepunjika. Kulia kunalipa mkishatoka visiwani mkaingia Ghuba ya Alaska, maana kushoto huko ni bahari tupu. Halafu kwenye barafu zenyewe, Glacier Bay au Hubbard, nahodha anaizungusha meli taratibu ili kila upande uone, na watu wenyewe hawakai vyumbani, wako juu na makoti yao wanapiga picha.

Wageni niliokuwa nawakuta wamenuna si wa upande huu wala ule, ni wale waliokimbilia chumba cha bei chee, mtu anafungua pazia asubuhi aone milima anakutana na boti la uokoaji la rangi ya chungwa limening'inia dirisha zima, hata ndege haoni. Kwa hiyo mwambie bamdogo afungue ramani ya meli aangalie nje ya dirisha kuna nini. Na ile bei ambayo kampuni ndo inakupangia chumba asiiguse, huko upande huchagui.

tabora_kwetu
Sie wa Tabora meli zetu ni mitumbwi ya bwawa la Igombe 😂 ila nauliza, mama mwenyewe ameulizwa? Maana mwenye kutapika ni yeye.

mgebuka_mkavu
Mzee shikamoo, nisamehe. @tabora_kwetu umenigusa, nimeenda kumuuliza sasa hivi yuko uani anapembua mchele, hata hajainua kichwa, kasema kulia kushoto mtajua wenyewe, yeye anataka chini na katikati, si mbele kunakopanda na kushuka wala si nyuma kwenye mashine, na kusiwe na jiko karibu, harufu ya mafuta ndo inamuanza.

dada_wa_ujiji
Mama anajua kuliko sisi wote. Ile Ghuba ina siku zake, na vyumba vya juu vyenye roshani ndo vinayumba zaidi. Chukueni kulia, katikati, deki ya chini yenye dirisha, muone kwenye ramani juu yenu kuna vyumba vya watu, kukiwa na ukumbi wa muziki sogeeni. Na pazia mlifunge kabisa usiku, mwezi wa sita Seward saa tano usiku jua bado lipo.

mgebuka_mkavu
Saa tano usiku?? Haya namtumia bamdogo ujumbe, kasema atatuma ramani nitaiweka hapa mniangalizie namba.

tabora_kwetu
Muulize na kama kuna kitanda cha tatu.