Naomba ushauri: projekta kwenye onyesho la piano makumbusho

Habari zenu wakuu. Nashughulikia mitambo kwenye jumba moja la makumbusho hapa Hamburg. Mwezi ujao mpiga piano atapiga "Pictures at an Exhibition" ya mtunzi Mrusi Mussorgsky, ile ya 1874 iliyotokana na michoro ya rafiki yake, marehemu Hartmann, na wanataka michoro irushwe ukutani nyuma yake.

Shida ni feni ya projekta. Inavuma, na zile sehemu za taratibu zitamezwa. Nikiisogeza nyuma picha inafifia, maana taa ya kusomea nota nayo inamwaga mwanga ukutani.

Halafu michoro mingi ya Hartmann ilipotea. Nijazie za wachoraji wengine au niache giza? Mimi nataka giza, bosi hataki.

Na asiyesoma nota kama mimi anajuaje wakati wa kubadilisha picha?