Nyuki wameweka makazi ardhini kwenye bustani ya nyumbani, Dodoma: niwafanyeje?

Mkazi wa Nala

Habari zenu, ndugu zangu. Nina bustani ya mboga nyuma ya nyumba yangu huku Nala, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Pembeni yake kuna kichuguu cha zamani ambacho mchwa walishakihama, na tangu mvua zilipokatika naona nyuki wakiingia na kutoka kwenye tundu lililo chini yake, karibu usawa wa ardhi. Asubuhi huwa wachache, lakini jua likipanda hupita mfululizo. Mpaka sasa hawajamuuma mtu. Hata hivyo nina watoto, nina mama yangu mzee anayependa kupumzika chini ya mwarobaini ulio jirani na hapo, na mbuzi tunaowafunga kwa kamba karibu na ua. Kijana anayetusaidia kazi amependekeza tumimine petroli usiku na kuwasha moto, na jirani ameshauri dawa ya kuua wadudu. Sipendi kuwaua iwapo ipo njia nyingine, kwa sababu matango na maboga yangu yanawategemea, ila usalama wa familia unatangulia. Naomba ushauri wa mtu anayewafahamu nyuki.

Mfuga nyuki, Manyoni

Ndugu yangu wa Nala, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuwasha moto. Kwanza watambue, maana si kila nyuki wa ardhini ni wa kuogopwa. Simama mbali, pembeni mwa njia yao ya kuruka, uangalie kwa utulivu. Ukiona matundu mengi madogo, kila moja likiwa na kichanga kilichofukuliwa mdomoni, hao ni nyuki wanaoishi mmoja mmoja; kila jike huchimba tundu lake, hana kundi wala asali ya kulinda, na baada ya wiki chache hutoweka. Ukiona tundu moja lenye kimrija cha nta kilichochomoza, na vidudu vidogo kuliko nzi wa nyumbani, hao ni nyuki wadogo wasiouma. Makundi hayo mawili yaache yalipo. Lakini wakiwa wa rangi ya kahawia yenye mistari, wanaopita kwa wingi kwenye tundu moja, hao ni nyuki wakubwa, wale wale tunaowafuga kwenye mizinga, na kwa maelezo yako nadhani ndio ulio nao. Katika nchi kavu kama yetu, kichuguu kilicho wazi ndani huwafaa sana.

Petroli nakuomba uiache kabisa. Mvuke wake hujaa ndani ya kichuguu na unaweza kulipuka usoni mwa anayewasha, udongo wa bustani unaharibika, na nyuki watakaosalia watatoka wakiwa wakali kuliko ulivyowahi kuwaona. Dawa nayo ina madhara ambayo watu wengi hawayafikirii: kundi likifa, asali hubaki ndani ikiwa na sumu, kisha nyuki wa mizinga ya jirani huja kuichukua na kuipeleka kwao.

Njia sahihi ni kuwahamisha, na hiyo ni kazi ya mfugaji mwenye vazi la kinga na bomba la kufukizia moshi. Huifanya jioni jua likizama, kwa sababu wakati huo nyuki wengi wamesharudi. Atafukiza moshi, ambao hufunika harufu ya hatari wanayopeana na kuwafanya washibe asali, kisha atachimba taratibu na kukata masega. Yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki, atayafunga kwa kamba kwenye viunzi vya mzinga, kwa sababu nyuki hawapendi kuwatelekeza watoto wao. Malkia akishaingia mzingani, wengine humfuata. Mzinga uachwe papo hapo hadi giza litande, ndipo uzibwe na kupelekwa umbali wa kilometa 3 au zaidi, la sivyo nyuki wanaotafuta chakula watarudi kichuguuni siku inayofuata.

Mkulima, Kongwa

Mimi ningependa kujua kwa nini asizibe tu tundu hilo kwa udongo wakiwa wote ndani usiku. Ni rahisi, na hakihitajiki kifaa chochote.

Mfuga nyuki, Manyoni

Ndugu wa Kongwa, kichuguu huwa na njia nyingi ambazo huzioni kwa juu. Ukiziba moja watatokea nyingine, pengine upande wa nyumba, tena wakiwa wamechokozwa.

Muuguzi, Dodoma Mjini

Naomba niongeze jambo kuhusu usalama wakati mnasubiri mfugaji. Mbuzi wahamishwe leo hii, kwa kuwa mnyama aliyefungwa kamba hawezi kukimbia na nyuki wanaweza kumuua palepale. Bibi naye atafutiwe kivuli kingine. Msilime wala kukata nyasi karibu na kichuguu, kwa sababu mtikisiko wa jembe na kelele za mashine huwachokoza. Mtu akishambuliwa, afunike uso, akimbilie ndani ya nyumba na kufunga mlango. Asipunge mikono, na asijitupe majini, maana nyuki humsubiri juu. Mwiba ung'olewe upesi kwa njia yoyote, hata kwa kukwangua kwa ukucha, kwa sababu mfuko wa sumu huendelea kusukuma sumu mwilini. Midomo au ulimi ukivimba, mtu akipumua kwa shida au akizimia, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu. Aliyeumwa na nyuki wengi naye apelekwe, hata akijisikia vizuri.

Mkazi wa Nala

Nawashukuru sana. Nimetazama kwa mbali na ni nyuki wakubwa, wa kahawia. Mbuzi tumeshawahamisha. Je, mfugaji nitampata wapi, na tundu nilifanyeje baadaye?

Mfuga nyuki, Manyoni

Anza kwa afisa nyuki wa halmashauri yako au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambao huwafahamu wafugaji wa eneo lao. Nyuki wakianza kushambulia watu kabla mfugaji hajafika, piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Baada ya kuhamishwa, kwangueni mabaki yote ya masega na nta, kisha bomoeni kichuguu hadi chini, mjaze shimo kwa udongo na kuushindilia, kwa sababu harufu ya nta ikibaki itaita kundi jingine msimu ujao.